Jani Bila Kitawi: Shajara ya Kadi za Miti, Moshi

Naiandika shajara hii kwa ajili ya walimu na wazazi watakaopenda kutengeneza kadi za kutambua miti kama tulivyofanya sisi. Hatua nyepesi nazipitia kwa mstari mmoja. Tulipokosea nimeeleza kwa urefu, maana huko ndiko fedha na muda vilikopotelea.

28 Septemba 2024: Jani la kwenye begi

Shule yetu ya msingi iko upande wa juu wa mji wa Moshi, njia ya kwenda Kibosho. Juzi gari la wapanda mlima lilipata pancha karibu na geti letu, na watoto wa klabu ya mazingira wakaona begi lililoshonewa jani jekundu la bendera ya Kanada. Walirudi darasani wakibishana. Mmoja alisema ni jani la mpapai. Mwingine akasema la mbarika, kwa sababu lina vidole. Wa tatu alishikilia kuwa ni la muhogo. Nikawaambia ni la mti uitwao maple, nao hapo hapo wakauita “mepo”. Nimelichukua neno lao.

“Mwalimu, umejuaje kama siyo mpapai?” Nikajibu kwamba nimejua kwa umbo. “Mbona mpapai nao una umbo hilo hilo?” Sikuwa na jibu la kuwapa, na sikutaka kuwadanganya. Mradi umeanzia hapo: tutengeneze kadi zitakazomwezesha mtoto kutofautisha aina za mepo kwa jani, mbegu na rangi, kisha njia hiyo hiyo tuijaribu kwenye miti yetu wenyewe.

Mepo haioti kwetu. Ni jenasi ya Acer, yenye aina zaidi ya mia moja, nyingi zikiwa Asia, nyingine Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika inaigusa kaskazini tu, huko Moroko na Aljeria. Bahati nzuri mdogo wangu anaishi Toronto. Nimemwandikia leo kumwomba anipigie picha kabla majani hayajaisha mitini.

19 Oktoba 2024: Picha 63, zisizotambulika

Mdogo wangu ametuma picha 63. Ni nzuri sana kuzitazama: majani mekundu, ya chungwa, ya manjano, yametandazwa kwenye nyasi kama khanga zilizoanikwa. Nimekaa nazo jioni mbili na mwongozo nilioupakua. Nimeweza kuzitaja tisa kwa uhakika.

Kosa ni langu. Nilimwambia “nipigie picha za majani”, naye akafanya hivyo. Karibu yote aliyaokota chini. Jani lililookotwa chini halikuonyeshi lilivyokaa kwenye kitawi, na kwa mepo hilo ndilo swali la kwanza: majani yake hutoka mawili mawili, yakitazamana, moja huku na jingine kule, kwenye kifundo kimoja. Mpapai, mbarika na muhogo majani yake hupishana. Ningelijua hilo Septemba, yule mtoto angepata jibu lake palepale.

Picha moja ndiyo iliyonifundisha zaidi. Jani lilikuwa pana, lina vidole vitano, meno makubwa, rangi ya kahawia inayoelekea manjano. Nikaliandika “mepo” bila wasiwasi. Nilipomwomba mdogo wangu arudi kwenye mti ule, akakuta majani yanapishana, matunda ni vimpira vya duara vinavyoning'inia kwenye uzi, na gome linabanduka mabaka mabaka. Kumbe ni Platanus, mti wa ukoo mwingine kabisa, unaopandwa sana kando ya barabara mijini. Chini ya kikonyo chake kuna tundu linalofunika chipukizi kama kofia. Kwa jani peke yake ningewafundisha watoto uongo, na ningeufundisha kwa moyo mweupe.

Marekebisho: nimemtumia maelekezo mapya. Kila mti upewe namba na ufungwe uzi wa rangi ili aweze kuurudia. Kwa kila mti nataka picha sita: kitawi chenye majani bado yameshika, jani mbele, jani nyuma, mbegu kama zipo, chipukizi, na gome. Rula ionekane katika kila picha.

9 Novemba 2024: Mbegu ambazo hazikuwepo

Maelekezo mapya yamezaa matunda, ila kulikuwa na mkanganyiko mwingine. Mbegu ya mepo ni ya kipekee: mbili zimeungana kitako, kila moja ina bawa, na zikianguka huzunguka. Watoto wanaziita “pangaboi”. Nilikuwa nimeandika kwenye rasimu ya kadi: “Kama hakuna pangaboi, siyo mepo.” Mdogo wangu akapiga simu, “Dada, shikamoo. Hii miti miwili kila kitu kinakubali, lakini haina hata mbegu moja, juu wala chini. Niifute?”

Nusura nimwambie aifute. Nilipoenda kusoma tena nikagundua kuwa mepo haikomazi mbegu kwa wakati mmoja. Mepo mwekundu (Acer rubrum) na mepo wa fedha (Acer saccharinum) hudondosha mbegu mwishoni mwa majira yao ya kuchipua au mwanzoni mwa kiangazi, zikaota mwaka ule ule. Mepo wa sukari (Acer saccharum) na mepo wa Norwei (Acer platanoides) hukomaza wakati wa vuli ya huko, majani yanapopukutika. Mepo wa Manitoba (Acer negundo) hushikilia vishada vya mbegu kavu mpaka katikati ya baridi, mti ukiwa mtupu. Kwa hiyo kukosekana kwa mbegu mwezi Novemba hakumaanishi mti siyo mepo. Ni dalili inayokuelekeza kwenye mwekundu au wa fedha. Ule mstari nimeufuta na badala yake kila kadi ina sehemu ya “mbegu hukomaa lini”.

Pembe ya mabawa nayo inasema mengi. Kwa mepo wa Norwei mabawa mawili yamenyooka karibu mstari mmoja, kama mtu aliyetandaza mikono. Kwa mepo wa sukari yameinama kuelekeana. Watoto wamekata za karatasi na kuzirusha kutoka ghorofani kwa mlezi wa klabu. Bawa likiwa na uzito upande mmoja huzunguka. Ukilibandika uzito katikati, linaanguka tu.

Mdogo wangu alitaka kutuletea mbegu halisi Desemba. Nimemkatalia. Mbegu na mimea ikivuka mpaka inahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na sheria hiyo ina maana yake kwetu sisi tunaoishi kwa migomba na kahawa. Ataleta picha, na michoro ya majani aliyoyachora mzingo wake kwa penseli.

28 Desemba 2024: Karatasi nane zilizoharibika

Mdogo wangu amekuja Krismasi kama Wachaga wote waliotawanyika, na ameleta faili zote. Tuna aina tano za mepo, pamoja na ule mti wa Platanus kama mtego. Kwa kuwa nilitaka watoto waone rangi zinavyobadilika ndani ya aina moja, nikaongeza mepo mwekundu mwingine uliogeuka manjano na mepo wa sukari mwingine uliogeuka mwekundu. Jumla karatasi nane.

Nilikwenda steshenari moja mjini nikachapisha kwa rangi na kuzipiga laminesheni siku hiyo hiyo. Rangi 500 kwa ukurasa, laminesheni 1,000. Jumla shilingi 12,000. Zote hazifai, na sababu ni mbili.

Ya kwanza: kompyuta ilipanua kila picha ijaze ukurasa. Jani dogo na jani kubwa yakawa sawa. Rula ilionekana katika picha, lakini mtoto wa darasa la nne hapigi hesabu ya uwiano. Anaona majani mawili yanalingana, basi. Ya pili: wino mwekundu ulikuwa unaelekea kuisha, na jani jekundu la damu likatoka rangi ya tofali. Nililiona hilo dukani nikajipa moyo kwamba siyo neno.

Marekebisho yalikuwa rahisi mno kulingana na hasara. Mwambie anayechapisha aweke ukubwa halisi, asilimia mia, asiache kompyuta iamue. Chapisha ukurasa mmoja kwanza, uweke rula ya kweli juu ya rula ya picha, zikilingana, endelea. Na usipige laminesheni kitu chochote kabla watoto hawajakitumia wiki mbili. Nimechapisha upya nane, shilingi 4,000, bila plastiki.

25 Januari 2025: Kadi mikononi mwa watoto

Leo vikundi sita vimejaribu. Kila kikundi kilipewa karatasi nane na mwongozo wa maandishi. Kikundi kimoja tu kilipata zote.

Mwongozo wangu ulianza na rangi, kwa sababu rangi ndiyo iliyonivutia mimi. Watoto wakafuata: yote mekundu pamoja, yote ya manjano pamoja. Mepo mwekundu uliogeuka manjano ukapelekwa kwa Norwei. Mepo wa sukari uliogeuka mwekundu ukaitwa mwekundu. Watoto hawakukosea hata kidogo. Mwongozo ndio uliowapoteza.

Rangi ya vuli inatokana na mambo mawili yanayoendeshwa na hali ya hewa. Siku zikifupika na baridi ikija, mti unaacha kutengeneza klorofili, ule ukijani unavunjika, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake inajitokeza. Wekundu ni jambo jingine: mti unautengeneza upya kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na mchana wenye jua ukifuatwa na usiku wa baridi isiyogandisha, wekundu unakolea. Mti mmoja unaweza kuwa mwekundu upande wa jua na wa manjano upande wa kivuli. Mwaka mwingine unabadilika. Kwa hiyo rangi ni shahidi, lakini ni shahidi wa kuitwa mwisho.

Tumeupanga upya mwongozo hivi, na ndio tulioubakiza mpaka leo. Kwanza, majani yanatazamana au yanapishana? Pili, jani ni moja zima au ni vijani vingi kwenye kikonyo kimoja? Mepo wa Manitoba ndio pekee kati ya mitano yetu wenye vijani, vitatu hadi saba, na kwa hilo hufananishwa na miti ya ashi, ambayo nayo majani yake hutazamana; ila mbegu ya ashi ni bawa moja kama kasia, haina pacha. Tatu, tazama bonde lililo kati ya kidole na kidole. Mepo wa sukari lina mviringo kama herufi U na ukingo hauna meno madogo. Mepo mwekundu lina ncha kama V, na ukingo wote ni meno kama msumeno, na kikonyo mara nyingi ni chekundu. Mepo wa fedha limechimbwa ndani sana, na nyuma ya jani kunang'aa weupe. Nne, utomvu: ukivunja kikonyo kibichi cha mepo wa Norwei hutoka maziwa, cha mepo wa sukari hutoka maji tu. Tano, mbegu. Sita, rangi.

Baada ya dakika arobaini kwa mpango mpya, vikundi vitano kati ya sita vilipata zote nane, na kile cha sita kilikosea moja. Binti mmoja aliuliza kama jani la bendera ni mepo gani. Nimemwonyesha kwamba lile lenye ncha 11, lililoanza kupepea rasmi tarehe 15 Februari 1965, ni mchoro uliorahisishwa. Jani halisi lina ncha zaidi ya hizo.

15 Februari 2025: Tumetoka nje

Sasa ni zamu ya miti yetu. Nilidhani njia ya mepo itavunjika ikifika Moshi. Haikuvunjika. Imebidi kuipanua tu.

Ushindi wa kwanza ulikuwa mjakaranda na mgrivea. Watoto wote waliichanganya, na watu wazima wengi pia, kwa sababu majani ya yote mawili yamechanwa chanwa kama manyoya. Swali la kwanza likaimaliza kazi: mjakaranda majani hutazamana, mgrivea hupishana. Ukigeuza jani la mgrivea nyuma ni la fedha. Mjakaranda tunda lake ni kibao cha mviringo kinachopasuka kama kopo, mbegu ndani zina utando mwembamba pande zote. Mgrivea ina kitunda kama mtumbwi mdogo chenye mbegu mbili za bawa. Mmoja asili yake Amerika ya Kusini, mwingine Australia, na sisi tumeshaiona kama ya babu zetu.

Rangi ilituletea furaha kubwa. Kwetu hakuna vuli ya majani. Mwaka mzima tofauti ya urefu wa mchana hapa haifiki nusu saa, wakati Toronto mchana wa Juni una saa zaidi ya 15 na wa Desemba ni kama 9. Lakini mkungu (Terminalia catappa) ulio kwenye kiwanja cha kanisa ulikuwa na majani mekundu kabisa, mengine ya zambarau, mengine ya chungwa, na mengine ya kijani, yote kwenye tawi moja. Watoto walipiga kelele, “Mwalimu, mepo!” Kisha wakajisahihisha wenyewe kabla sijafungua mdomo: majani yanapishana, yamesongamana kwenye ncha ya tawi, na tunda ni kokwa lenye ukingo. Nilisimama pale nikiwatazama, na nilikuwa mwalimu mwenye furaha.

Mwingine ni Croton macrostachyus, ambao majirani zetu wanauita mfurufuru. Jani likizeeka hugeuka rangi ya chungwa iliyoiva, moja hapa moja pale, mti uliobaki ukiwa kijani. Nyuma ya jani pana weupe wa fedha, na pale kikonyo kinapokutana na jani kuna vitezi viwili vidogo. Bila lenzi huvioni vizuri. Nimenunua lenzi ya mkono, 10,000.

Kosa la siku nalieleza ingawa linaniuma. Watoto walikuwa wamependa jaribio la maziwa, na wawili wakavunja mnyaa kwenye uzio wa jirani ili waone utomvu. Mnyaa (Euphorbia tirucalli) una maziwa yanayounguza macho. Mmoja alishaanza kuinua mkono ajifute uso. Nilimdaka, tukanawa kwa maji mengi na sabuni, tukamshukuru Mungu, na nikamfuata mzazi wake nyumbani kumweleza mwenyewe. Jaribio linalofaa kwa mepo huko Toronto halina ruhusa ya kuhamia uzio wa Moshi bila kufikiriwa. Kuanzia leo jaribio la utomvu anafanya mwalimu peke yake, kwa miti anayoijua, na dumu la maji linatembea nasi. Kwenye kadi tumeweka alama nyekundu kwa kila mti wenye utomvu mkali.

26 Aprili 2025: Masika, ukungu na majani yasiyo na jina

Fundi seremala ametutengenezea vibao viwili vya plaiwudi vya kukandamizia majani ya kukaushwa, 15,000. Mipira miwili ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, 4,000. Karatasi za manila kumi, 7,000. Magazeti ya zamani tumepewa bure.

Tukayaanza majani mwisho wa Machi, mvua za masika zimeshaingia. Baada ya siku tisa tulifungua tukakuta ukungu wa kijivu kwenye karibu nusu. Majani ya mringaringa (Cordia africana), ambayo ni mapana na yanakwaruza kama msasa, yalikuwa yameoza katikati. Nilikuwa nimeyabana vizuri nikayaacha, nikiamini uzito ndio unaokausha. Uzito hunyoosha tu. Kinachokausha ni hewa.

Jaribio la pili: mama mmoja alitushauri tuweke vibao kwenye dari ya jiko lake la kuni, mahali anapokaushia mahindi. Majani yalikauka siku mbili. Yalitoka rangi moja, kahawia, na yananuka moshi mpaka sasa. Jani la mkungu lililokuwa jekundu halitofautiani kwa rangi na la mfuruanje, mti wa kivuli cha kahawa.

Jaribio la tatu limefaulu. Tulikata maboksi yenye mawimbi ndani, tukayaweka kati ya kila tabaka la gazeti, mirija yote ikielekea upande mmoja, kisha tukasimamisha vibao wima barazani upepo upite ndani ya mirija. Magazeti tunabadilisha kila siku kwa siku nne za mwanzo, halafu siku moja moja. Majani membamba yamekauka siku sita, ya mringaringa siku kumi na moja. Wekundu wa mkungu umebaki kwa kiasi.

Ukungu hata hivyo haukutuumiza kama lebo. Majani kumi na saba yaliyopona yalikuwa hayana lebo. Kila mtoto alisema atakumbuka la kwake. Yakiwa mabichi walikumbuka, yakikauka yanafanana. Tumeyatupa yote. Herbaria ya Taifa, yaani hifadhi ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, ambayo iko pale Arusha, haiwezi kupokea kielelezo kisicho na maelezo ya mahali na tarehe, na sasa naelewa kwa nini. Lebo yetu inaandikwa kwa penseli mti ukiwa bado mbele ya macho: jina, mahali, tarehe, majani yanatazamana au yanapishana, rangi ya ua na ya jani likiwa bichi, utomvu, na jina la aliyechuma. Rangi tunaiandika kwa maneno kwa sababu kukauka kunaiba rangi.

10 Mei 2025: Babu na majina

Tulipata majina matatu kwa mti mmoja, kutoka kwa watoto watatu, mmoja wa Kibosho, mmoja wa Machame, mmoja aliyehamia kutoka Rombo. Kila mmoja alikuwa na hakika. Nilikuwa nimekusudia kuchagua moja nililolizoea mimi.

Tulikwenda kwa babu mmoja jirani wa shule mwenye kihamba cha zamani, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. “Shikamoo babu.” “Marahaba wajukuu zangu. Karibuni, kaeni kivulini.” Akatuzungusha kihambani saa nzima na nusu. Alitutajia mringaringa, akaeleza mizinga ya nyuki ilivyochongwa kwa mbao yake. Akatutajia mfuruanje (Albizia schimperiana), na kutuambia unaachwa juu ya kahawa kwa sababu majani yake madogo yanachuja jua bila kulizuia.

Tulipofika kwenye msesewe (Rauvolfia caffra) mtoto mmoja akaanza, “Majani yanatazamana au...” akanyamaza. Majani yalikuwa manne kwenye kifundo kimoja, yamezunguka kitawi. Mwongozo wetu ulikuwa na majibu mawili tu. Babu akasema, “Huu sisi hatuutazami majani. Tunaonja gome,” akikumbuka ule uchungu unaotiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Watoto hawakuonja chochote, na kadi ina alama nyekundu, maana mti huu ni wa dawa na una maziwa. Lakini swali la kwanza sasa lina majibu matatu: yanatazamana, yanapishana, yanazunguka.

Kuhusu majina, babu alikuwa na busara kuliko mimi. Alisema jina la mti ni la mgomba ulioko chini yake, kila kilima na lake. Hivyo kadi inabeba majina yote tuliyopewa, pamoja na kilima yalikotoka, kisha jina la kisayansi linaloyafunga pamoja.

14 Juni 2025: Kadi 24

Zimekamilika. Sita ni za mepo na Platanus, 18 ni za miti ya hapa. Kurasa 24 za rangi ni 12,000, laminesheni 24,000. Safari hii nilikagua rula, nikakagua wino, na watoto walikuwa wamezitumia rasimu wiki tatu.

Gharama zote tangu mwanzo ni shilingi 88,000. Katika hizo, 12,000 ni zile karatasi nane za Desemba. Anayenakili kazi hii na kuanza na ukurasa mmoja wa majaribio atatumia 76,000, na kama ana plaiwudi nyumbani, pungufu ya hapo.

Jaribio la mwisho tumelifanya kando ya barabara, bila mimi kusema neno. Vikundi sita, miti kumi. Vikundi vinne vilipata kumi, kimoja tisa, kimoja nane. Makosa mawili kati ya matatu yalikuwa kwenye mti mmoja aina ya mkuyu: watoto walitafuta ua wasilione, kwa kuwa maua ya mkuyu yamo ndani ya tunda lenyewe. Nimekata tunda moja katikati, nimelipiga picha na rula, na kadi ya mkuyu itachapishwa upya.

19 Julai 2025: Yaliyobaki

Kadi ya mkuyu imechapishwa, 1,500. Kadi tatu zimepotea, mbili zimerudi.

Tunataka kuongeza msoo na mvule, na kwa hiyo tunahitaji kwenda msitu wa Rau. Ule ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo naandika barua ya kuomba ruhusa kwanza, na tutapiga picha tu bila kuchuma. Tutashuka pia tambarare kutafuta mlama, ambao mbegu yake ina mabawa manne. Watoto wanataka kujua kama nao huzunguka.

Mdogo wangu ameandika kwamba mepo wa fedha ule wa namba saba, ambao Novemba hakukuta mbegu yoyote, mwezi Juni ulimwaga pangaboi mpaka zikajaa kwenye mfereji wa barabara. Ametuma picha, kitawi kikiwa bado kimeshika majani, na rula pembeni.